Mlango wa Zuhura Kule Salale

Nilikwenda Salale, kijiji cha mikokoni kusini mwa Dar, kwa sababu daktari wetu hakutaka kuamua kama mgonjwa wetu atibiwe kwao kabla nyumba haijaonwa. Zuhura, mtoto wa miaka tisa, figo zake zilikuwa zimeacha kazi, na kwa miezi mingi alilazwa wodini kwetu Dar es Salaam. Damu yake tuliisafisha kwa maji ya dawa: yanaingizwa tumboni kwa mpira mwembamba, yanakaa, kisha yanatolewa na uchafu wake, mara kadhaa kila siku. Mama yake, Mwajuma, alikwisha kufundishwa kazi hiyo akaiweza. Ila mwongozo wa kutibu watoto hawa unataka chumba kisafi, mlango uliofungwa, midomo iliyofunikwa, na asiwemo asiye na kazi. Mimi muuguzi wake niliagizwa nikae nao siku chache nione. Ikishindikana, nirudi na mtoto wodini. Zuhura alilijua hilo, na njia nzima alinitazama kama hakimu.

Adhuhuri tulikuwa Kibiti, vumbi mpaka kwenye kope. Soko huria lilikuwa limetutangulia: mitumba, redio, soda za kila rangi. Zuhura akaomba soda. Kinywaji chake kinapimwa, maana maji yasiyopata pa kutokea humvimbisha. Nikamruhusu mafunda mawili. Akanywa mawili, akanirudishia chupa mwenyewe. Moyo uliniuma, mtoto wa umri ule alitakiwa anung'unike.

Barabara ilipoishia tulipanda boti ya wanunuzi wa kamba, tukaketi kati ya makasha ya barafu, mikoko huku na huku.

"Sista, maji yenu haya ya dawa tuyatie barafuni yasiharibike?" nahodha aliuliza.

"Thubutu! Haya yanaingia tumboni yakiwa na joto la mwili."

Akacheka, akayafunika turubai. Aliahidi kuleta mengine kila anapokuja kununua kamba, na bila yeye safari yetu ingekuwa bure.

Salale tulipokewa vizuri mno. Chumba kilikuwa kimefagiwa na kusiribwa upya, hata mimi mkorofi sikupata la kusema. Wakati wa kubadilisha maji ulipofika, Mwajuma akanawa, akajifunika mdomo, akafunga mlango. Huko nje watu walikuwa wamejaa kumjulia hali mtoto. Akagonga Bibi Tatu, mama mzazi wa baba yake Zuhura.

"Mwajuma, mbona mmejifungia na mgonjwa? Amezidiwa?"

Kwao mlango wa mgonjwa haufungwi, labda awe mahututi, au wenye nyumba wamewachoka watu.

"Subirini huko!" nikajibu kwa sauti yangu ya wodini.

"Nisubiri ruhusa kwa mjukuu wangu?" Akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Kesho yake hakuja mtu. Jirani aliyetoka kuchota maji alizunguka nyuma ya nyumba asituamkie. Zuhura akaniuliza, "Sista, wamechukia?" Mwajuma akaanza kulia.

"Wewe utaondoka," aliniambia. "Mimi siku nikishikwa na homa, nani atamtazama huyu? Naufungua mlango."

"Ukiufungua, naondoka naye."

Niliumia kulisema hilo mbele ya mtoto, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alasiri nikaenda kwa Bibi Tatu. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Umekuja kunifungia na huku?"

Nikaketi chini, nikamweleza. Tumboni mwa Zuhura pana tundu. Uchafu usioonekana huingia kwa vumbi na kwa pumzi za watu, na maji yakianza kutoka na ukungu, ndiyo hatari yenyewe. Wodini yalimtokea, karibu tumpoteze. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Maneno haya jana hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, bibi."

"Sasa mdomo ulikuwa umekwenda wapi?"

Jioni ile alikuja na mkeka wake, akautandika nje, mbele ya mlango uliofungwa, akaukalia. Kila aliyefika alimwambia, "Keti hapa. Mtoto anabadilishwa maji. Sema naye, anakusikia." Wakaanza kumpa habari kupitia ukutani: mbuzi aliyekula shati la mwalimu, shoga yake wa jirani aliyeng'oka meno mawili. Zuhura akawa anawajibu kupitia kitambaa cha mdomoni. Kisha akacheka, kicheko cha tumbo, ikabidi nimshikie mpira. Wodini sikuwahi kukisikia kicheko kile. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Asubuhi ya kuondoka, boti ikiwa imekwisha kuita, nilikwenda kumuaga Zuhura. Mlango ulikuwa umefungwa, mtoto anabadilishwa maji, na Bibi Tatu alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha mlangoni.

"Bibi, ni mimi."

"Nakuona. Una kazi humo ndani?"

"Sina."

"Basi sema naye kutoka hapo."

Nikasimama ukutani. "Zuhura, naondoka."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akasema, "Haya sista, safari njema."

Nilirudi Dar nikiwa nimejifunza kwamba mwongozo ule tulikuwa tukiwasomea wazazi tu, na mtoto haishi na wazazi tu. Daktari aliniuliza kama maji ya mwisho niliyaona kwa macho yangu. Nikamwambia mama alipaza sauti kutoka ndani kwamba yametoka maangavu. Mimi sikuruhusiwa kuingia.