Upepo Ndani ya Gari la Baba

Gari la baba yangu lina viti viwili, turubai mahali pa paa, na mlio unaofika kabla yake. Lilikuwa la meneja wa shamba la mkonge upande wa Korogwe, ambako baba alifanya kazi ya ufundi. Meneja alipoondoka aliliacha bovu, baba akalifufua, akaja nalo Handeni alipomwoa mama. Wekundu wake wa zamani umekaribiana sana na udongo wetu. Likikaa wiki mbili uani bila kufutwa, huoni vizuri linaishia wapi.

Kila mwaka masika yakiisha, baba alilipandisha Dindira kwa dada yake mkubwa. Shangazi alianza kupoteza macho nikiwa shuleni, na sasa haoni kabisa. Alikuwa akiusikia mlio ule tangu kona ya chini, kwenye mashamba ya chai, na gari likifika mlangoni birika lilikuwa limeshachemka.

Mwaka jana baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakaondoka, na kalamu tuliyomwekea mkono wa kushoto ilichora mistari tu. Kisha simu ikaja kutoka Dindira: shangazi hali chakula tena, anamuulizia mdogo wake. Nikaelewa tuliyobaki nayo. Mmoja haoni, mwingine hasemi. Kati yao kuna mlio wa gari. Baba alikuwa ameelewa kabla yangu, kwa sababu nilipoleta teksi mlangoni aliing'ang'ania nguzo ya baraza kwa mkono wake mmoja mpaka dereva akachoka kungoja.

Gari lenyewe lilikuwa limepasuka mpira wa rejeta. Nilipata mwingine, nikaufunga, nikajaza maji. Likawaka vizuri, na baada ya dakika chache mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu.

"Lina upepo," alisema jirani yetu, fundi wa pikipiki. "Maji hayazunguki. Mpaka upepo utoke."

Kutoa upepo nilikuwa nimemwona baba akifanya. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichuguu kipana, kigumu kama saruji. Baba alipandisha magurudumu ya mbele juu yake ili pua ya gari itazame mbinguni, akafungua mfuniko wa rejeta, akaacha injini ingurume, huku akiuminya mpira taratibu kama anayekamua mbuzi. Maji yalicheua, yakashuka, akaongeza, mpaka yakatulia. Nasi tukafanya hivyo hivyo. Yalicheua, yakatulia. Mshale ukapanda tena.

Baba alikuwa kwenye kiti barazani. Aliupitisha mkono wa kushoto kifuani, akashika bega la kulia, akalisugua, na mwili wote akautetemesha.

"Mzee anasikia baridi," fundi akasema.

"Saa saba ya mchana?"

"Homa haina saa."

Nilimgusa paji la uso. Hakuwa na homa. Hata hivyo nilimletea sweta. Akalitupa chini. Akasugua bega tena, akatetemeka tena, akinikazia macho. Mama akaja na kanga, akamfunika kama mtoto, na baba akafumba macho. Kutwa ile tulilipandisha gari kwenye kichuguu mara tatu, na mara tatu baba alitetemeka juani, nasi tukamfunika.

Mara ya nne mshale ulikaa katikati robo saa nzima. Nikaamini upepo umetoka, kwa sababu nilitaka kuamini.

Asubuhi iliyofuata tulimketisha kando yangu, mama akamfunga kanga kiunoni ili asiyumbe, tukaondoka sisi wawili. Mpaka Sindeni mambo yalikuwa mema. Watu waliacha majembe kutuangalia, mmoja akapiga kelele, "Dada, hiyo ndege inatua wapi?" Baba alicheka kwa upande wa mdomo unaocheka. Mbele kidogo mshale ukaanza kupanda.

Ndipo baba akaniinamia. Mkono wake wa kushoto ulivuka kifua, ukawa unatafuta kitu kwenye dashibodi, katikati yetu. Nikadhani anaanguka.

"Baba, kaa sawa. Tunafika."

Nilimrudisha kwa kiwiko. Akainama tena. Nikasimamisha gari pembeni, nikaikaza kanga, safari hii nikamfunga pamoja na mkono. Alinitazama. Sikuelewa mtazamo ule, nikaondoa gari.

Lilichemka tukiwa tunaingia Korogwe. Mvuke ulifunika kioo, na tulisukumwa na wapita njia hadi gereji ya karibu. Fundi wa pale, mtu wa makamo mwenye maneno mengi, alingoja lipoe, akafungua mfuniko, akachungulia.

"Ulipotoa upepo, hita ulifungua?"

"Hita ya nini na joto hili?"

Alimwita mwenzake kwa sauti. "Njoo umsikie mtu wa Handeni!" Walicheka wote wawili. Kisha akaingiza mkono kwenye dashibodi, pale pale katikati, akausukuma mkono mdogo wa chuma uliokwama kwa kutu. Sikumbuki kuuona ukiguswa. "Hita ndiyo iko juu kuliko vyote, dada. Ukiifunga, upepo unakaa humo unakungoja. Gari za Lutindi, za Dindira, zikishuka hapa hilo ndilo la kwanza, maana kule hita wanaijua. Nyie mna jua, mnaona ni pambo."

Akamwaga maji. Yakashuka ghafla, na mapovu yakapanda, makubwa, moja baada ya jingine. Upepo wote uliotutesa siku nzima ulitoka kwa sauti ndogo kuliko pumzi ya mtu aliyelala.

Fundi alimgeukia baba. "Shikamoo, mzee. Gari yako hii? Sasa mzee, hukumwambia binti?"

Nilikuwa nimeshaufungua mkono wa baba kwenye ile kanga. Baba aliupitisha kifuani, akashika bega, akalisugua, akatetemeka.

Fundi akaacha kucheka. Mimi nilitazama chini.

Halafu fundi alichomoa kijiti cha oili, akakiinua kwenye mwanga. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Gasketi imeungua," alisema kwa upole. "Maji yameingia kwenye injini. Hii haiendi Dindira, dada. Labda mwezi ujao, tukiipata gasketi yenyewe."

Simu ya Dindira haikuzungumzia mwezi ujao. Nilitafuta Noah ya kukodi. Nilijiandaa kwa ugomvi, kuubandua mkono wa baba kwenye mlango wa gari lake. Alipoona tunakuja kumbeba, aliuachia mwenyewe.

Dindira kulikuwa na ukungu. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika blanketi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyo mwingine nani?"

"Ni baba."

"Baba yako huja na gari."

Nilimweleza yote: kiharusi, Korogwe, gasketi. Alisikiliza, kisha akanyoosha mkono, akaupata mkono wa baba wa kulia, kama watu wanavyosalimiana. Akaushika, akangoja. Mkono ule haukumjibu. Nilipokumbuka kumpa wa kushoto, alikuwa ameshauachia.

Baba alishika bega lake akatetemeka. Nilisimama na sweta mkononi, sijui kama ni baridi ya kweli au anamsimulia dada yake habari za hita.

"Mpeni mgeni chai," shangazi aliwaambia walio ndani ya nyumba. Kisha akageuza sikio kwenye kona ya chini, akangoja.