Mbili Zinakwenda Wapi?

Mjomba alishuka Kabuku akitokea Korogwe mjini, na begi moja na elimu yote ya kwenye simu yake. Mama alikuwa amemweleza shida yetu: mwalimu amesema mdogo wangu asipojua kutoa kabla ya mtihani, atarudia darasa la kwanza. Kujumlisha, dogo alikuwa moto. Ukimwambia atoe, anakutazama kama umemwomba kaptula aliyoivaa.

"Hesabu ziko jikoni!" mjomba akatangaza kabla hata hatujamaliza kumpa shikamoo. "Nyie mnamchelewesha mtoto bure."

Mtu mwenyewe hajawahi kuosha kikombe. Akavuta kigoda, akakaa palepale mama anapopita, akaanza kujimwambafai kama profesa. Vijiko vingapi? Vitunguu vingapi? Maji ya ugali yalichemka mpaka yakataka kukauka, dogo akiwa bado anahesabishwa mifuniko. Mama akabana midomo, maana mgeni ni mgeni.

"Nyanya tano hizi," mjomba akasema, akizipanga kwenye ungo. "Nikitoa mbili?"

"Unazipeleka wapi?" dogo akauliza.

"Haikuhusu. Zinabaki ngapi?"

"Unampelekea nani?"

"Nimesema haikuhusu! We mtoto kichwa chako kina nini?"

Dogo akainuka, akatoka nje. Kesho yake hakukanyaga jikoni, yeye aliyekuwa akigombea kuchambua mchicha. Mjomba akasema mbinu inahitaji muda. Mama akaniambia chinichini, "Atarudia tu huyu," akageukia moshi. Hapo sikucheka, na mimi hucheka hata msibani.

Siku ya mwisho mama akapika nyama ya kumuaga mgeni. Baba alikuwa safarini, kwa hiyo sinia lilikuwa la watatu: mjomba, mimi na dogo. Kwetu nyama husubiri ugali uishe, kisha mkubwa anagawa. Baba akisafiri, na husafiri sana, mkubwa ni mimi, na kwenye kugawa sipendi maswali. Safari hii akagawa mtaalamu. Mbili kwangu, mbili kwa dogo, tano kwake. Akajilamba vidole kabla hata hajaanza.

"Mjomba," dogo akasema, "toa mbili."

"Nini?"

"Unazo tano. Toa mbili. Moja ya kaka, moja yangu. Unabaki na tatu, na sisi tatu tatu."

"Mimi ni mgeni, wewe!"

"Mgeni ana matumbo mawili?"

Jikoni mwiko ukaanguka. Mama alikuwa anacheka na ukuta. Mjomba akaangalia mlango, akaniangalia mimi, nami nikaangalia dari kwa heshima zote. Mwishowe akazitoa, moja, halafu ya pili, kama anang'olewa meno.

Leo dogo yuko darasa la pili. Mjomba kila akipiga simu lazima aulize, "Mmeona mbinu zangu?" Mbinu gani! Tungetegemea nyanya zake, mtoto angekuwa bado la kwanza. Dogo alitaka tu kujua zile mbili zinakwenda wapi, na siku hiyo moja ilikuwa inakwenda mdomoni mwake mwenyewe.

Ila hasara nimeibeba mimi. Mjomba aliondoka, kugawa kukarudi kwangu, na dogo siku hizi haangalii ugali, anaangalia mkono wangu. Jana nilisukumia kipande kimoja chini ya mchicha, upande wangu, taratibu kabisa.

"Kaka," akasema bila kuinua uso, "toa moja."