Alama za Mashavuni mwa Baba Yako

Mwanangu, siku tuliyomzika baba yako bado naikumbuka, na leo sikutaka kuikumbuka. Umenikumbusha wewe. Nilikuwa dukani hapa Karatu nasubiri bango la watu wa harusi litoke kwenye mashine, simu ikalia, nikaona umenitumia kazi yako ya chuo: picha ya baba yako uliyoikuza kwa ajili ya maonyesho ya mwisho wa mwaka, na chini yake ule ukurasa ambao mwalimu wenu anataka kila mwanafunzi ajieleze, wapi ni hodari na wapi ni dhaifu. Ukaandika, "Baba mkubwa, nisomee kabla sijakabidhi Ijumaa."

Nimesoma. Umesema uhodari wako ni kuona dosari haraka na kuiondoa, na udhaifu wako ni kupenda kazi iwe safi kupita kiasi. Nilicheka kidogo. Huo si udhaifu, Namnyak, huko ni kujisifu kwa mlango wa nyuma. Kisha nikaitazama tena ile picha, kicheko kikaniisha. Maneno hayo nayajua yanakotoka, kwa sababu niliyaandika mimi kabla hujajua kutembea.

Nilikuwa kijana wa Endulen aliyepata bahati ya kusomea usanifu wa michoro Arusha. Unajua sisi tulivyochomwa mashavuni tukiwa wachanga, kile kiduara kila upande, ili tusiugue macho. Nyumbani hakuna aliyehangaika na viduara hivyo, kila mtu anavyo. Chuoni vijana wa mjini waliviona siku ya kwanza. Waliniita Vifungo, eti nimeshonwa vifungo usoni. Nilicheka nao, lakini niliumia sana. Basi jambo la kwanza nililolijua vizuri kwenye kompyuta lilikuwa kujifuta. Nilifungua picha yangu mwenyewe, nikachukua rangi ya ngozi ya pembeni, nikafunika kiduara cha kulia, nikafunika cha kushoto, nikakaa nikijitazama kama mtu aliyepona ugonjwa.

Tangu hapo kila uso uliopita mikononi mwangu ulitoka unang'aa. Walimu walinisifu. Nasi tulikuwa na ukurasa wetu wa kujieleza kila mwisho wa muhula, na mimi niliandika kwamba uhodari wangu ni kusafisha nyuso, na udhaifu wangu ni kuchelewesha kazi. Hilo la kuchelewa lilikuwa kweli, ila silo nililopaswa kuandika.

Baba yako alianguka na pikipiki wakati wa masika, kwenye utelezi wa kushuka Oldeani. Jina lake silitaji, unajua desturi yetu kwa waliotutoka. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Nilipofika nyumbani wazee wa kanisa waliniambia, wewe ndiye msomi wa mambo ya karatasi, tutengenezee ratiba ya mazishi. Picha yake ya maana ilikuwa moja tu. Alipigwa picha hiyo na rafiki yake dereva wa watalii, amesimama kando ya gari, anacheka. Dereva alinipa kwenye flashi, na kwenye kamera yake alikuwa ameshaifuta kupata nafasi ya nyingine. Nikashuka nayo Karatu, nikaazima kompyuta ya rafiki mwenye stationeri, nikamfanyia mdogo wangu kile nilichojifanyia mwenyewe. Nilikuwa nalia huku nafanya, mwanangu. Niliamini namvika shuka jipya la kuondokea. Nilipomaliza nikahifadhi juu ya ile ya kwanza, na ile ya kwanza ikapotea.

Siku ya mazishi ratiba ziligawiwa pale bomani. Majirani Wairaqw waliokuja kumzika pamoja nasi wakasema picha imetoka vizuri sana, nami nikafarijika. Bibi yako, mama yangu, ambaye sote tulimwita Yeyo, hakujua kusoma. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, akapitisha kidole gumba kwenye shavu la picha.

"Huyu ni kijana wa nani?"

"Ni mwanao, Yeyo."

"Mwanangu ana alama. Nilimchoma mwenyewe. Alitikisa kichwa, moja ikasogea karibu na pua. Ziko wapi?"

"Nimezitoa, Yeyo. Nilitaka apendeze."

"Kwani alikuwa amechafuka?"

Alinirudishia karatasi, akaingiza mikono ndani ya shuka lake, na mwanawe akazikwa bila yeye kuigusa tena ile picha. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Afadhali angenigombeza.

Niliporudi chuoni tulipewa tena ule ukurasa. Hapo ndipo ningesema kweli, hata kwa mstari mmoja. Niliandika yale yale, kusafisha nyuso, kuchelewesha kazi, nikafaulu vizuri.

Miaka ikaenda, ile picha yangu ikatundikwa ukutani kwenu, nikafungua hili duka, nikaamua kumrudishia baba yako alama zake. Ile iliyokaa mahali pake haikuwa na taabu. Ile iliyosogea karibu na pua niliiweka kulia, nikaona siye. Nikaiweka kushoto, nikaona siye. Mimi nilikuwepo alipochomwa, mtoto mkubwa tayari wa kuchunga ndama, na kilio chake nakisikia mpaka leo. Shavu silikumbuki. Nikajiambia nitamuuliza Yeyo nikipanda nyumbani Krismasi. Nikapanda, nikaona haya, nikasema basi Pasaka. Yeyo akafariki hivyo hivyo, sijamuuliza.

Nikawaendea wa rika la baba yako. Mmoja alisema kulia, mwingine akasema kushoto, wakabishana mbele yangu mpaka nikajuta kuwauliza. Ulipoanza chuo nilijikaza, nikamfuata mama yako kule Engaresero alikohamia. Alinipa chai, tukakaa kivulini mwa nyumba yake, nikamuuliza. Alifumba macho.

"Shemeji," akasema, "kila nikimtafuta namwona yule wa ukutani. Huyo hana kitu mashavuni."

Akaanza kulia, nami nikalia. Mke wake, mwanangu, aliyekuwa akimwona uso kwa uso kila asubuhi. Picha yangu ilikuwa imemwondolea mume hata kichwani mwake. Kesho yake nilipata lifti ya gari la watalii, nikarudi Karatu.

Ndiyo maana nakuandikia leo badala ya kukujibu "kazi nzuri" kama ulivyotegemea. Uliyekua ukimtazama ukutani si baba yako hasa, ni kijana niliyemtengeneza mimi. Na sasa umemkuza, na naona umeondoa hata ile mikunjo ya kicheko pembeni mwa macho. Hiyo mikunjo ndiyo peke yake niliyokuwa nimemwachia.

Irudishe. Ile ya ukutani, kabla hujaikuza, bado unayo, na ukiikosa mimi ninayo. Mashavu usiyaguse, wala usikisie kama nilivyokisia mimi. Andika tu pembeni kwamba alikuwa na alama mbili na kwamba mahali pake hatupajui tena. Kisha ule ukurasa uandike upya. Usimpelekee mwalimu udhaifu wa kupendeza. Sema kwamba unaondoa vitu kwenye uso wa mtu kabla hujamuuliza mwenyewe, wala mama yake, wala mwanawe. Kama atakupunguzia maksi, na akupunguzie. Uhodari wako sikunyang'anyi, jicho lako ni kali kuliko langu nilipokuwa umri wako, ila ulitazame kila siku linakufanyisha nini. Mimi nilikuwa nautafuta udhaifu wangu kwingine kabisa, kumbe ulikuwa pale pale nilipokuwa nasifiwa. Waonyeshe watu kazi yako ungali na muda wa kuibadilisha, na waulize wazee wangali wanasikia. Ukiona haya, uliza na haya zako hivyo hivyo. Kama hasira imekushika juu yangu, nipigie simu unigombeze. Nitapokea, na sitakukatiza.

Mungu akulinde huko uliko, mwanangu. Akupe mkono mpole na maisha marefu. Akujalie watoto, nao wakujue kwa uso wako huo huo, na mikunjo yake na makovu yake yote, mpaka uzee wako.