Wiki Tuliyolishwa Kisiwani

Mke wangu alikuwa amekwisha kusema kwamba anahamia Kiringye. Alilisema asubuhi moja akichambua mchele, bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja siku ya soko. Shamba aliloachiwa huko na baba yake lina nyumba ndogo ya matofali, paa bado zima, na yeye amechoka na Uvira. Nilimwuliza kama amechoka na Uvira au na mimi. Akasema mchele wa siku hizi una mawe mengi.

Tulikuwa na miaka thelathini na sita ya ndoa. Mimi nilikuwa direkta wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na mzee wa kanisa mpaka leo. Habari ya Kiringye ilimfikia binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi Ulaya, naye, kama watu wote waliokaa huko muda mrefu, anaamini kwamba ndoa ikiugua dawa yake ni kuogelea. Akatununulia safari ya siku sita Unguja, katika hoteli ya ufukweni. Ndege, kitanda, chakula, vinywaji, vyote vimekwisha kulipiwa. Nilimwambia kwa simu kwamba hapa mtaani kwetu Rugenge nina ziwa mbele ya pua na sijawahi kulilipia. Hakucheka. Alisema mama yake akienda Kiringye kweli, nisimpigie simu kumlilia.

Mke wangu alikubali kusafiri, ila alisema uamuzi atautoa tukirudi. Kwa hiyo nilijua vizuri ninachokwenda kukitafuta. Nilikuwa na siku sita za kumrudisha mke wangu nyumbani, na nilikuwa mkaidi kiasi cha kutotaka kukiri kwamba nahitaji hata moja.

Tulivuka mpaka pale Kavimvira, tukapitia Bujumbura, tukapanda ndege mbili, tukafika. Mapokezi, binti mmoja alinishika mkono na kunifunga bangili ya plastiki ya rangi ya machungwa. Nilidhani ni kitu cha wagonjwa. Hapana, akasema kwa tabasamu, ndiyo inayoonyesha kwamba una haki ya kula. Nikaitazama haki yangu ya kula. Mtu mwenye mvi kama mimi, niliyesimamisha mistari ya wanafunzi miaka na miaka, nimefungwa alama kama mzigo bandarini. Mke wangu alinyoosha mkono wake mwenyewe akafungwa, akauliza kama zipo za rangi nyingine.

Chumbani tulikuta taulo mbili zimekunjwa zikawa ndege wawili wanaopigana busu juu ya kitanda, na maua yamemwagwa kila mahali kama kitanda kimezikwa. Niliuliza mtu ajifute kwa ndege yupi. Mke wangu aliwabeba wote wawili akawaweka juu ya kabati, na kwa siku sita nilijifutia shati.

Nje kulikuwa na Wazungu. Walikuwa wamejianika mchangani jua la saa sita, wanajigeuza upande huu na upande ule kama ndagala, wale dagaa wa ziwa letu wanaoanikwa Kimanga, tofauti ni kwamba ndagala angalau wana faida. Kulikuwa na mwanamume aliyeajiriwa kufurahisha watu, na sijapata kuona kazi ya aibu kama ile. Alikuwa na kipaza sauti, anawaamrisha watu wazima waliozaa waruke ndani ya bwawa na kupiga makofi, nao wanaruka. Alinijia mara mbili. Mara ya pili nilimtazama kwa jicho nililokuwa nikiwatazamia wachelewaji, akaenda kwingine.

Bahari yenyewe sikuipenda. Maji yake hayanyweki, hayafulii, na kila siku yanaondoka kwenda sijui wapi na kuwaachia watu matope na majani. Ziwa letu lina ubaya wake, likiingia nyumbani kwa mtu halitoki, lakini huwezi kuliamkia ukakuta halipo. Watu walilipia kuja kutazama maji yanayotoroka. Binti yetu alitaka picha kila siku, baba amemshika mama mkono, nyuma yao bahari. Nilimshika. Katika picha hizo ninaonekana kama mtu anayesindikizwa polisi.

Lakini yote haya ni ya pembeni. Jambo lenyewe lilitokea mezani, siku ya kwanza, mchana.

Nyumbani kwangu kula ni hivi. Chakula kinaletwa saluni, ndiyo sebule yetu. Mke wangu anakuja na jagi na beseni, ananinawisha mikono, anafunua sahani, anarudi jikoni. Nakula mimi, na mgeni kama yupo. Vyombo vikishatoka saluni ndipo yeye anakula huko jikoni na watoto, siku hizi peke yake. Hakuna aliyeitunga sheria hii. Nilimkuta nayo baba yangu, naye aliikuta kwa baba yake, na kila nyumba ninayoiheshimu mjini kwetu inakula hivyo. Kwa miaka thelathini na sita sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kufikiriwa.

Katika hoteli ile chakula kilipangwa juu ya meza ndefu kama ya harusi, na watu wenye heshima zao walipanga mstari, sahani mkononi. Nilichagua meza ya watu wawili karibu na dirisha, nikaketi, nikakunjua kitambaa, nikangoja. Mke wangu alisimama kidogo akiwatazama watu wanavyofanya. Kisha akachukua sahani akaenda. Nikasema moyoni, vizuri, mwanamke wangu ana akili, ameelewa upesi. Akarudi na sahani moja. Akaiweka mbele yake, akaketi mkabala nami, akafumba macho akaomba, akaanza kula.

Nilingoja amalize kuonja aende kuchukua yangu. Hakuonja, alikula. Alikula haraka, jicho likienda mlangoni mara kwa mara kama mtu atakayeitwa, lakini alikula mpaka sahani ikaisha, akaenda kuongeza. Mhudumu mmoja, mama wa makamo, alikuja kuniuliza kwa adabu kama baba anaumwa. Nikajibu ndiyo, tumbo. Ndilo kosa nililofanya, kwa sababu watu wale walikuwa na huruma. Waliniletea chai ya tangawizi bila sukari. Jioni, kabla sijaketi, chai ya tangawizi ilikuwa imekwisha kufika. Nilikaa mbele ya nyama, samaki, wali wa kila rangi, na haki yangu ya kula mkononi, nikinywa tangawizi. Siku ile nilishibia karanga za baa.

Mke wangu hakudanganyika. Alijua tumbo langu ni zima kuliko lake.

Siku ya pili njaa ilinishinda nikajiunga na mstari. Nisiseme mengi. Mtu ambaye hajawahi kujipakulia hajui kwamba vijiko vina vyombo vyao, wala kwamba vitu vitamu na vya chumvi havikai sahani moja. Nilimwagia keki mchuzi wa samaki kwa kuwa vilikuwa jirani. Kwa kuwa mke wangu alikuwa ananitazama, niliila yote. Hapo akacheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge, na yule mama mhudumu naye akacheka kule alikosimama. Nilikasirika sana, kisha nikakumbuka kwamba sijui ni lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo nikiwepo. Jikoni nilikuwa namsikia, na majirani zake. Mlango ukiwa umefungwa.

Siku zilizofuata nilimwona mtu ambaye sikumzoea. Aliketi ndani ya maji na kitenge chake, mpaka kiunoni, saa nzima, hafanyi lolote. Alipiga soga na wanawake waliofagia mchanga, wao na Kiswahili chao kilichonyooshwa kwa pasi, yeye na chetu, na wakaelewana vizuri kuliko mimi na yeye. Kufikia siku ya tatu alikuwa anakula polepole. Alikuwa anaweka kijiko chini, anatafuna, anatazama nje. Nina hotuba ya kila kitu: kufungua mwaka wa shule, kufunga mwaka, kuzika, kuozesha. Ya kumwambia mwanamke mmoja arudi nyumbani sikuwa nayo, na nilijidharau kwa hilo kuliko nilivyomdharau yule wa kipaza sauti. Yeye alau anajua kuwaita watu wakaja.

Siku ya tano mchana, baada ya kuzunguka sana kichwani, nilipata wazo. Nilimwambia akae, leo mimi ndiye nitakayemletea. Akakaa. Watu watacheka, lakini nilivuka ule ukumbi na sahani tupu nikihesabu hatua. Niliona wazi kwamba safari yote, ndege mbili na bahari inayotoroka, ilikuwa ni kwa ajili ya sahani hii.

Nilifika mezani nikasimama. Kulikuwa na kuku, mbuzi, samaki wa aina tatu, ndizi, viazi, mboga, maharage ya nazi. Nikashika kijiko cha wali, nikakirudisha. Nikashika cha maharage, nikakirudisha. Watu nyuma yangu walianza kunipita. Mke wangu anapenda nini? Najua anapanda nini, najua anauza nini, najua dawa anazomeza. Lakini sikuwahi kumwona anakula. Wiki hii nzima nilikuwa nimeketi mbele yake, nami nilikuwa nashughulika na sahani yangu na aibu yangu, sikutazama hata siku moja kilichokuwa katika sahani yake.

Kisha nikakumbuka kitu nikafurahi. Vichwa vya samaki. Kila mara nilipokula sangala nyumbani nilikuwa naacha kichwa kirudi jikoni, kwa ajili yake, na hakijawahi kutupwa. Nilikuwa najisifu moyoni kwa wema huo. Nilimwomba mpishi kichwa kikubwa kuliko vyote, nikakizungushia wali na mboga, nikaibeba sahani kwa mikono miwili.

Niliiweka mbele yake. Alikigusa kichwa kwa kijiko. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Minye sipendake kichwa ya samaki, baba," akasema. "Nilikuwa nakulaka sababu ndiyo ilikuwa inabakia."

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu, basi yeye anapenda nini.

Hakufikiri hata kidogo. "Chakula iko moto," akasema. "Tangu umenioa, minye nakulaka ya baridi tu."

Akaivuta sahani karibu, akakisogeza kichwa pembeni, akala wali na mboga kabla havijapoa. Mimi nilikwenda mstarini tena, nikarudi na chakula changu. Ningependa kuandika kwamba siku ile nilimwomba radhi. Badala yake nilimwambia samaki wa bahari hawafiki mukeke wa ziwa letu kwa utamu, naye akakubali.

Tulirudi kwa njia ile ile. Njiani nilitunga hotuba, kwenye ndege ya kwanza na ya pili, nikaikariri ndani ya teksi kutoka Bujumbura. Ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Ilisema kwamba tutakula pamoja saluni, sahani kwa sahani, na mgeni atakayeshangaa ashangae. Ilisema kwamba mimi mwenyewe nitanawa mikono yangu. Ilikuwa hotuba nzuri.

Kavimvira, upande wetu wa mpaka, gari na pikipiki zinazokwenda mjini zinaita abiria upande mmoja, na zinazokwenda kwenye tambarare ya Ruzizi zinaita upande mwingine. Mke wangu alimpa dereva wa gari la Kiringye valizi yake ya nguo bila kuuliza bei. Nikamfuata, nikaisahau hotuba yote, mwanzo, katikati na mwisho. Nikamwambia tu arudi nyumbani, tafadhali. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia neno hilo la mwisho.

Alinipangusa vumbi begani, kitu ambacho hatufanyi mbele za watu.

"Siko na kasirani na weye, baba. Minye naenda tu kukulaka chakula iko moto." Akapanda, akajisogeza dirishani. "Njia ya Kiringye unaijua."

Gari liliondoka. Nilipanda pikipiki mpaka Rugenge, nikafungua mlango, nikapita saluni bila kuketi, nikaingia jikoni. Nilisimama pale na viatu vya safari mguuni, nikifungua debe hili na kufunika lile. Nilikuwa sijui hata makaa huwekwa wapi katika nyumba yangu mwenyewe.