Kitenzi Chenye Nyota Jikoni kwa Ubalda

Kule Gubbio, mji wa mawe uliojibandika ubavuni mwa mlima, Ubalda alifundisha lugha zilizokufa. Kazi gani hiyo, utauliza, maiti hasahihishwi. Lakini ndiyo iliyomlisha. Na wasomi wa aina yake wana mila yao: neno la kale ambalo hakuna aliyelikuta limeandikwa, ila limeungwaungwa kwa kutazama sura za wajukuu wake katika lugha za baadaye, hupigwa nyota mbele. Nyota haifutwi mpaka apatikane shahidi.

Mama yake, Bibi Delfina, hakuwa ametamka neno tangu kiharusi cha Kwaresima. Ubalda angegawa vitabu vyake vyote ili aitwe jina lake mara moja tu.

Adhuhuri moja alikuwa akimlisha supu ya dengu huku akijizoeza somo la kesho. Kitenzi chenyewe, cha nyota, kilianza kwa maana ya kuonyesha kidole. Watu walipochoka mikono, kikawa kusema.

"Deikō, nasema. Deikes, unasema. Deiket, anasema. Deikomos, twasema. Deiketes, mwasema." Akanyamaza apulize kijiko.

"Deikont," akasema mama. Wanasema.

Kijiko kikaanguka. Sauti ile haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya mtu aliyezoea neno lile tangu utotoni, analitumia hata kufukuzia kuku.

Ubalda akampigia simu Nazzareno, mwalimu mwenzake, akamweleza.

"Basi futa nyota, dada yangu," Nazzareno akacheka. "Shahidi unaye, tena anakula dengu."

"Sitanii."

"Wiki nzima unamwimbia hicho kitenzi. Hata kasuku angekimalizia."

"Kasuku hanyoshi kidole, Nazzareno."

"Anamnyoshea nani?"

Ubalda alikata simu. Mkono wa kulia wa mama, ule uliopooza, ulikuwa umeinuka, ukielekea nyuma ya kiti cha bintiye, kwenye ukuta mtupu.

"Mama, ni mimi. Niite."

Kisha Ubalda akauliza kwa lugha ile: "Deikes?"

"Deikō," mama akajibu akitabasamu, macho yakipita juu ya bega la bintiye.

Jina halikuja. Ubalda hakugeuka nyuma. Akavuta kiti, akakaa kando ya mama, wote wawili wakaukabili ukuta. Akakianza kitenzi upya polepole, akiacha nafasi baada ya kila neno, kwa kuwa ndiyo mazungumzo pekee aliyobakiziwa. Mama akawa anaitikia. Walipofika kwenye deikomos, twasema, sauti zilizoitikia zilikuwa nyingi.