Sombe ya Wifi, Lenga-lenga Yangu

Pale kwenye mafiga tulikuwa wanawake wanne na mutoto mumoja wa mikononi. Mimi mwenyewe. Mukamwana wangu, bibi ya mutoto wangu wa mwisho, aliyekuwa amezaa juzi-juzi. Binti yake, ndiye huyo wa mikononi. Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, kwa hiyo shangazi ya baba wa mutoto. Na mama jirani, Mukatoliki wa upande wa Bukavu, ambaye hatukuwa na undugu naye ila tulichangia moto. Majina yao yote ninayo kichwani, hata ya utani, lakini siyaandiki. Wenyewe wanajijua.

Lava ya mulima ilikuwa imekula nyumba yangu ya Birere, mujini, miaka ya nyuma, nikahamia Kiwanja kwa huyo mutoto wangu wa mwisho, dereva. Halafu waasi wakaingia Kiwanja, tukaja kulala chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, kambini Mugunga, juu ya mawe meusi yale yale ya volkano. Mafiga hatukununua. Uliinama tu, ukachagua. Mutoto wangu alibaki ng'ambo ya vita na gari ya maharage. Alirudi baadaye, musihangaike juu yake, lakini siku hiyo hatukujua.

Unga wa mahindi tuligawiwa. Mboga kila mutu alijitafutia, na mimi nilishika zile zinazokubali moto kidogo. Lenga-lenga, muchicha wetu, unazikata, unazitupa kwenye mafuta yenye kitunguu, unageuza na chumvi, unaepua zingali kijani. Sambaza kavu, zile dagaa za ziwani, unazikaanga bila maji mpaka zilie kwenye sufuria, kisha unazikamulia ndimu na pilipili. Nyanya unazifukia kwenye majivu ya moto, unazimenya, unaziponda na kitunguu kibichi. Hizo zote ziko tayari kabla bugali haijapoa. Kuni zilikuwa porini, na mwanamuke aliyezifuata hatukujua kama angerudi, ndiyo maana nilipenda mboga za namna hiyo.

Lakini mukamwana wangu alizikataa zote, na maziwa yake yalikuwa yanakauka. Mutoto alinyonya, akaachia, akalia kwa sauti ya paka mudogo, na kila asubuhi sauti ile ilikuwa imepungua. Kwetu mzazi, mwanamuke aliyetoka kuzaa, analishwa na shangazi ya mume wake. Mama mukwe anaweza kupika, lakini sahani inapita mikononi mwa shangazi, bila hivyo mzazi hagusi. Basi mzazi akamwambia shangazi kwamba roho yake inataka sombe tu. Wifi akaenda kwa miguu mpaka mashamba ya njia ya Sake, akarudi na majani ya muhogo kwenye kitenge. Kinu hatukuwa nacho, akayatwanga ndani ya mukebe wa mafuta.

Sombe inataka kuchemka wazi. Muvuke wa kwanza ndio unaobeba sumu yake, kila binti wa kwetu anafundishwa hivyo. Nilienda kuchota maji, na niliporudi nikakuta sahani juu ya sufuria, na jiwe juu ya sahani.

"Wifi, nani amefunika?"

"Mimi. Kuni zinaisha. Ikifunikwa inaiva mbio."

Mama jirani akacheka. "Muache afunike. Sombe hiyo inakula kuni kama muume wa bibi wawili anavyokula bugali."

Nikaondoa sahani. Ndipo mizinga ikasikika upande wa Sake. Mwanzo ilikuwa mbali, tukajifanya hatujaisikia. Ilipokaribia, watu wakaanza kufungua shitingi zao, na barabarani magodoro yakaonekana juu ya vichwa, yote yakielekea mujini.

"Imeiva," wifi akasema. "Ale, tuondoke."

Nikaonja. Uchungu ukakaa kwenye ulimi.

"Haijaiva."

"Mama, nipe tu," mukamwana akasema, mukono umeshanyoshwa. "Nitakula hivyo hivyo."

"Unachokula wewe ndicho mutoto atakinyonya," nikamujibu.

Nikaimwaga. Mawe yakatoa moshi. Wifi aliangalia majani yake chini, akasema, "Umemwaga miguu yangu."

Makaa yalikuwa yamebaki machache. Nilikuwa na fungu la lenga-lenga lililonyauka kidogo. Mama jirani, ambaye mzigo wake ulikuwa umeshafungwa, akaufungua akatoa sambaza. "Nilizificha nizile peke yangu," akasema, "lakini pika, pika, wewe mwanamuke, wanatuua hapa." Nikapika. Bugali ya asubuhi ilikuwepo, baridi.

Nikamupa mukamwana sahani. Hakuipokea. Alimuangalia shangazi, na shangazi alikuwa amesimama, mzigo kichwani, ametupa mugongo. Watu wanapita. Mzinga mwingine.

Mutoto akalia, ile sauti ndogo.

Wifi akatua mzigo. Akachukua sahani mikononi mwangu bila kuniangalia, akamega tonge, akachovya, akamutia mzazi mudomoni.

"Kula, mama. Ni mboga ya mutu mwenye haraka, lakini kula."

Akala. Akala mpaka akafuta sahani kwa kidole. Tukatembea na umati mpaka Birere, tukakaa chini ya baraza ya duka lililofungwa, na pale nilimusikia mutoto akimeza. Alikuwa anameza kwa sauti, kama mutu mukubwa anayekunywa maji. Wifi naye alisikia. Akanisogezea kipande cha kitenge chake nikalie.

Mpaka leo wifi anasema sombe ilikuwa imeiva. Mama jirani aliulizwa, akasema yeye alikuwa anafunga mzigo. Mimi ninaukumbuka ule uchungu, lakini nimezeeka, na siku ile ulimi wangu ulikuwa umekauka kwa woga. Kama ulikuwa kwenye mafiga ya karibu, na uliona ama ulionja, uniambie nilipokosea. Hata kama ni wifi ndiye mwenye haki, niambie.