Nyumba ya Sponji ya Kumsindikiza Mjomba

Enzi zetu kitanda cha mtoto kilikuwa chake mpaka mgeni apige hodi. Baada ya hapo kilikuwa cha mgeni, na mtoto alihamia sebuleni kwenye mkeka. Hakuna aliyekuomba ruhusa. Ulimwona tu mama anabadilisha shuka, ukajua yamekukuta. Ulilala wa mwisho, maana huwezi kutandika mkeka wakubwa bado wanazungumza, na uliamka wa kwanza, maana sebule ilitakiwa iwe imefagiliwa kabla mgeni hajatoka kupiga mswaki. Wenzangu mliokulia nyumba za vyumba viwili mnanielewa. Hawa wa siku hizi, waliobandika karatasi mlangoni kutuamuru tubishe hodi kwanza, nikiwasimulia wanadhani natunga.

Kwetu Kimara mgeni wa kukumbukwa alikuwa Mjomba Ezekia, kaka mkubwa wa mama, kutoka Njombe. Alishuka na gunia la viazi, jogoo mmoja mwenye hasira na begi la bluu, ambalo mama alilipeleka moja kwa moja kwenye chumba chetu, mimi na kaka yangu Amosi. Alisema amekuja kwa wiki moja. Tulimpenda sana. Alikuwa na uwezo wa kumenya chungwa ganda likatoka refu bila kukatika, na alimwigiza mchungaji wetu mpaka baba akalazimika kutoka nje kucheka. Lakini wiki iliisha, na ya pili ikaisha, jogoo tukamla, viazi vikabaki vya chini ya gunia, na Mjomba bado yupo kitandani kwetu anakoroma.

Tatizo lilikuwa adabu. Kila Jumapili tukitoka kanisani na kukaa kwenye wali, Mjomba alifuta mdomo na kutangaza, "Haya, mdogo wangu. Mie kesho naondoka." Mama naye alijibu kama alivyofunzwa kwao tangu akiwa msichana: "Ah, kaka! Mbona mapema hivyo? Hata hujapumzika!" Sasa, kwa kawaida hapo mgeni hukataa, mkabishana kidogo, yeye akasingizia ng'ombe au shamba, kesho yake akaondoka, na heshima ya kila mtu ikabaki salama. Mjomba Ezekia hakuwa mtu wa kubishana. Aliweka kijiko chini, akamtazama mama kwa upendo, akasema, "Basi. Kwa kuwa umenisihi." Kisha akaongeza mchuzi. Baba alikuwa anatazama dari tu.

Siku nilipothubutu kumuuliza mama Mjomba anaondoka lini, nilivutwa sikio hadi jikoni. "Mgeni haulizwi safari, wewe! Unataka Njombe nzima iseme nimemfukuza kaka yangu?" Nikarudi kwenye mkeka wangu na sikio la moto.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Tulikuwa tunashinda kwenye ukuta wa kituo cha mafuta, pale Barabara ya Morogoro, mimi, Amosi na jirani yetu Zahra. Babu zake Zahra walitoka India, ila Kiswahili chake cha Kimara kilitushinda sote, na baba yake alikuwa na duka la magodoro na maturubai hatua chache kutoka kituoni. Siku moja liliingia gari la Wazungu waendao mbugani. Walipolisimamisha, paa likainuka lenyewe, kuta za turubai zikajikunjua, na ndani tukamwona bibi wa Kizungu mwenye kandambili anakoroga sufuria. Kitanda kile pale. Pazia lile pale. Tulibaki midomo wazi.

"Hawa wakipata mgeni wanafanyaje?" Amosi akauliza.

Zahra hakufikiri hata kidogo. "Wanawasha gari, wanaondoka."

Jioni ile ile tukaanza ujenzi. Kigari cha mtoto kilichowabeba Zahra na wadogo zake wote kilikuwa stoo kwao, kitambaa kimeoza lakini magurudumu manne mazima. Juu yake tukafunga fito za mianzi, ndefu kuliko tulivyofikiri, na kuta zikawa za sponji, vile vipande vinavyobaki magodoro yakikatwa. Baba yake Zahra alituruhusu kuvichukua kwa sharti moja. "Mkasi wangu ukirudi butu," alisema, "nitawakata nyie kwa meno." Tukaona heri kutumia kisu cha mkate cha mama. Sponji ukiikata kwa kisu cha mkate inalia kama panya, na haikatiki ikanyooka hata ukiibembeleza, kwa hiyo ukuta wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto na nyumba nzima iliinama kidogo upande wa kwa mchungaji.

Tuligandisha vipande kwa gundi ya fundi viatu, kisha tukavisha turubai kuukuu lililokuwa likifunika mizigo ya dukani. Zahra alishona kona kwa sindano ya gunia, ulimi nje. Geti la kwao lilikuwa limepakwa rangi ya kijani na kopo lilibaki nusu, nasi tukalipaka lile turubai mpaka likakauka na kukakamaa, ukigonga linatoa mlio wa ngoma. Dirishani tukaweka kipande cha kitenge. Nyumba ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mimi na Amosi tuliibeba wenyewe kutoka kwao hadi kwetu, tukaiegesha chini ya kamba ya nguo. Sijawahi kujivunia kitu namna ile, hata siku nilipopata shahada.

Mama aliizunguka mara moja. "Nzuri," alisema. "Ila hakuna mtu wa kulala humo usiku. Kuku wangu nawaingiza ndani, ndiyo niwaache nyie nje?"

Basi tukabaki nayo ya mchana. Nayo haikudumu. Siku ya pili Mjomba alikuja kuitazama, akatusifu, akasema, "Hebu nionje." Akaingia kichwa kwanza. Miguu ilibaki nje mlangoni, ndani ya soksi za sufu za Njombe, katika joto lile la Dar! Tukasubiri atoke. Tukasikia anakoroma. Kuanzia hapo kila baada ya chakula cha mchana nyumba yetu ilikuwa yake, na kuku walizoea kukaa kwenye kivuli cha nyayo zake. Usiku ana kitanda chetu, mchana ana nyumba yetu. Tena akamwambia mama kwamba Kimara inampatia usingizi mwororo, hajaupata miaka mingi.

Amosi alitaka tumtie upupu. Zahra ndiye aliyekuwa na akili. "Mama yenu anamshika kwa adabu," alisema. "Na sie tumtoe kwa adabu."

Jumapili ikafika. Wali ukapakuliwa. Mjomba akafuta mdomo. "Haya, mdogo wangu. Mie kesho..." Mama alikuwa ameshavuta pumzi. Mimi nikasimama. "Mjomba, sisi tutakusindikiza! Tumeshakuandalia usafiri mpaka kituoni, na Zahra anakupikia chapati za njiani."

Mama alinitazama kwa lile jicho, lakini angesema nini? Mtoto anayejitolea kumsindikiza mgeni ni mtoto aliyelelewa. Hata Njombe wangempongeza mama yake. Baba aliinamia sahani yake, mabega yakitikisika. Mjomba alitutazama mmoja mmoja, akameza, akasema taratibu, "Mmelelewa vizuri, wanangu." Usiku ule, kwenye mkeka, mimi na Amosi tulipangiana nani atalala upande wa ukutani kitanda kikirudi.

Asubuhi begi la bluu lilikuwa ndani ya nyumba ya sponji, na Mjomba naye akasisitiza kupanda. Ameandaliwa usafiri, atatembeaje kwa miguu? Akajikunja ndani, magoti kidevuni, chapati za Zahra mapajani. Amosi alivuta kwa mbele, mimi na Zahra tukasukuma. Majirani walitoka kutazama na Mjomba aliwapungia mkono dirishani, akifungua na kufunga pazia la kitenge kama kiongozi.

Mnaoijua Kimara mnavijua vilima vyake. Tulipofika kwenye mteremko wa kwenda barabarani, nyumba ikaacha kusukumwa, ikaanza kwenda yenyewe. Amosi aliachia kamba na kuruka pembeni. Sie tukakimbia nyuma tukipiga kelele, "Mjomba, ruka!" Aruke vipi, na amefungiwa humo kama sabuni ndani ya boksi lake? Ikapita mbele ya genge la mama muuza nyanya, ikapita kwa kinyozi, gurudumu moja likachomoka likaenda njia yake, na nyumba nzima ikajipachika kwenye lundo la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga. Sponji ikadunda mara mbili.

Kisha tukasikia kicheko. Mjomba alitokea kwenye tundu la turubai, nywele zimejaa mchanga, mzima kabisa, anacheka mpaka machozi. Akakaa juu ya lundo, akatukatia chapati kila mtu kipande. Tulikula tukiangalia mabasi ya bara yakipita kule chini barabarani. Cheko likamwisha polepole.

"Mnajua," alisema, "kule kwangu, tangu mke wangu afariki, nikisema kesho naondoka hakuna wa kuniuliza haraka ya nini. Nafunga mlango tu, naondoka." Hakuyasema kwa huzuni ya kuonewa huruma. Alikuwa anapangusa mchanga kwenye soksi.

Roho iliniuma kweli. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kitanda changu kilibakiza hatua chache tu kurudi, na Amosi alikuwa ananikazia macho kwa nguvu zake zote. Lakini mdomo ulishafunguka. "Mjomba," nikasema, "mbona mapema hivyo? Hata hujapumzika."

Akanitazama. Akatazama barabara. "Basi," alisema, akinyanyua begi. "Kwa kuwa umenisihi."

Amosi alivua kofia akaipiga chini. Tulirudi nyumbani mstari mmoja, Mjomba mbele na begi, sisi nyuma tumebeba mabaki ya nyumba. Mama alipotuona getini alishika kiuno, kisha akaingia ndani akabadilisha shuka. Baba alisema, "Karibu tena, shemeji," kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Mjomba alikaa mpaka mvua za vuli, na Amosi hakuongea nami kwa muda ambao yeye mwenyewe leo anasema ulikuwa mfupi mno.

Siku hizi tumestaarabika. Mgeni anatuma ujumbe kuuliza kama nafasi ipo, nawe unajibu kesho yake kwa kidole gumba. Mimi nimejenga Mbezi, vyumba vitatu, na kila mtoto ana chake. Wiki iliyopita simu ikaita, Mjomba Ezekia. Sauti imezeeka, lakini uchangamfu ule ule. Alikuja Dar kutibiwa macho. Mwanawe alimtafutia chumba kwenye lodge karibu na stendi kupitia simu, ili asimsumbue mtu. Ameshakaa siku kadhaa peke yake, anaangalia televisheni asiyoiona vizuri.

"Nimepiga kukusalimia tu, mpwa wangu," alisema. "Mie kesho naondoka."

Sikumjibu chochote cha adabu. Nilimuuliza lodge iko mtaa gani, nikachukua ufunguo wa gari. Niliporudi naye, binti yangu alikuwa kitandani na simu yake. Nikaibandua ile karatasi mlangoni na kuanza kubadilisha shuka. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Tangu siku hiyo analala sebuleni, kwenye godoro, siyo mkeka, tena na intaneti juu, na bado anawatangazia rafiki zake kwamba anateswa. Leo asubuhi alinifuata jikoni amenuna, akachungulia koridoni kwanza, kisha akaninong'oneza, "Mama, kwani huyu babu anaondoka lini?"

Nikampa kikombe, nikamwambia ampelekee chai kabla haijapoa.